Kila Mstari wa Kanuni ya Imani Una Ugomvi Wake

Mwezi huu tumepokea barua nne kutoka pembe mbalimbali za Dar es Salaam, zote zikigusa jambo moja: mabishano ya zamani ndani ya Kanisa na maungamo ya imani yaliyotokana nayo. Tumeona ni vyema tuzijibu kwa pamoja.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni katekista katika parokia moja ya Tabata, na mwaka huu ninafundisha vijana wa kipaimara. Tulipofika kwenye Kanuni ya Imani, kijana mmoja aliuliza kwa nini sehemu ya Bwana Yesu inarudia jambo lilelile, "Mungu aliyetoka kwa Mungu, mwanga kwa mwanga, Mungu kweli kwa Mungu kweli", ilhali miujiza na mafundisho yake hayakutajwa hata kidogo. Mwenzake akataka kujua kama maneno "mwenye umungu mmoja na Baba" yamo katika Biblia. Niliwaahidi jibu, nami naomba mnisaidie.
Katekista, Tabata

JIBU: Milele amina, Mwalimu. Vijana wako wameona kitu ambacho wengi wetu tumekitamka kila Dominika, baada ya mahubiri na kabla ya maombi ya waamini, bila kukiona. Kanuni ya Imani haikutungwa kuwa muhtasari wa Injili. Ilitungwa na watu waliokuwa katika ugomvi, na ndiyo maana inakawia pale walipogombana na kupita mbio pale walipokubaliana. Mwaka 325, ilipoandikwa kwa mara ya kwanza, hapakuwa na askofu aliyebisha kwamba Yesu aliponya vipofu au alifundisha kwa mifano. Hayo yalisomwa makanisani na kila upande uliyaamini, basi hayakuhitaji kutetewa. Kilichobishaniwa ni yeye mwenyewe ni nani.

Ugomvi ulianzia Aleksandria, Misri, mnamo mwaka 318. Ario, padri aliyejulikana kwa kufunga na kwa mahubiri yake, alipingana na askofu wake Aleksanda. Alifundisha kwamba Baba peke yake ndiye asiye na mwanzo, na kwamba Mwana, ingawa yu juu ya malaika na viumbe vingine vyote, aliletwa kuwako kwa mapenzi ya Baba: kabla ya kuzaliwa hakuwako. Tusimfanye Ario kuwa mjinga wala mhuni, kama vitabu vingi vya mafundisho vinavyopenda kumfanya. Alikuwa na Maandiko mkononi. Bwana mwenyewe alisema, "Baba ni mkuu kuliko mimi" (Yohana 14:28). Paulo alimwita "mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote" (Wakolosai 1:15). Na katika Biblia ya Kiyunani waliyoitumia wote, Hekima katika Mithali 8:22 inasema kwamba Bwana aliiumba mwanzoni mwa njia zake. Mafundisho hayo yalitungiwa nyimbo za mabaharia, za wasaga nafaka na za wasafiri, zikaimbwa na watu ambao hawakuwahi kuziona barua za maaskofu.

Upande wa askofu nao haukubishana kwa kupenda ubishi. Wakristo walikuwa wakibatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na walikuwa wakimwomba Kristo. Ikiwa Kristo ni kiumbe, Kanisa lilikuwa linaabudu kiumbe, na hilo hasa ndilo walilolikataa mashahidi hadi kufa. Athanasio, ambaye wakati huo alikuwa shemasi wa Aleksanda na baadaye akarithi kiti chake, alishikilia hoja nyingine ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito zaidi: kiumbe hakiwezi kuwaunganisha viumbe wenzake na Mungu. Kwa hiyo waliokuwa wakibishana juu ya Mwana walikuwa wakibishana pia juu ya wokovu, na haishangazi kwamba Kanuni inaendelea mara moja na maneno "ameshuka toka mbinguni kwa ajili yetu sisi wanadamu, na kwa ajili ya wokovu wetu".

Mfalme Konstantino aliitisha mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, huko Nikea, mji ambao leo unaitwa İznik, nchini Uturuki. Mapokeo yanasema walikuwa maaskofu 318. Hapo ndipo lilipozaliwa jibu la swali la kijana wako wa pili. Maneno "mwenye umungu mmoja na Baba" hayamo katika Biblia, na maaskofu walilijua hilo vizuri kabisa. Athanasio, aliyekuwapo, anaeleza kwamba mwanzoni walitaka kutumia lugha ya Maandiko tu. Wakapendekeza waseme kwamba Mwana ametoka kwa Mungu. Watetezi wa Ario wakanong'onezana na kukonyezana, kisha wakakubali, maana vitu vyote vimetoka kwa Mungu. Wakapendekeza kumwita nguvu ya Mungu. Wakakubali tena, kwani katika Biblia ya Kiyunani hata nzige wa nabii Yoeli wanaitwa nguvu kuu ya Mungu. Wakimwita mfano wa Mungu, basi mwanadamu naye ni mfano wa Mungu. Kila neno la Maandiko lililowekwa mezani lilipata tafsiri iliyomwacha Mwana upande wa viumbe, mpaka maaskofu wakaona kwamba lugha ya Biblia pekee haiwezi kuamua ugomvi ambao chanzo chake ni namna ya kuisoma Biblia hiyo hiyo. Ndipo wakachukua neno la kifalsafa la Kiyunani, homoousios, ambalo sisi tunalisali kama "mwenye umungu mmoja na Baba". Faida yake kubwa ilikuwa kwamba wafuasi wa Ario wasingeweza kulikubali.

Neno hilo lilikuwa na sifa mbaya, tena kwa watu wema. Mnamo mwaka 268 mtaguso wa Antiokia ulikuwa umelikataa ulipomhukumu kwa uzushi askofu Paulo wa Samosata, na maaskofu wengi wa mashariki walihofu kwamba litafuta tofauti kati ya Baba na Mwana. Eusebio wa Kaisaria alilitia sahihi, kisha akaona ni lazima awaandikie waamini wake barua ndefu ya kuwaeleza kwa nini amekubali. Mwalimu, ukiwasomea vijana habari ya askofu anayejitetea mbele ya waumini wake mwenyewe, nadhani wataelewa hali ya siku zile kuliko kwa tarehe kumi.

Jambo jingine ambalo yafaa walijue ni kwamba Kanuni tunayoisali si ile ya mwaka 325 yenyewe. Ile ilifika kwenye maneno "na kwa Roho Mtakatifu" ikakoma, kisha zikafuata laana kwa wanaosema kwamba Mwana kabla ya kuzaliwa hakuwako. Juu ya Roho haikusema zaidi, kwa sababu juu ya Roho watu walikuwa bado hawajagombana. Ugomvi huo ulikuja miaka thelathini na zaidi baadaye, walipotokea waliomkiri Mwana kuwa Mungu lakini wakamhesabu Roho miongoni mwa watumishi wa Mungu. Basili, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia, alishambuliwa kwa sababu ya sala tu: alikuwa akiwaongoza watu kumtukuza Baba pamoja na Mwana, pamoja na Roho Mtakatifu, na wapinzani wakadai kwamba huo ni ugeni. Alifariki mwanzoni mwa mwaka 379. Miaka miwili baadaye, mtaguso wa Konstantinopoli wenye maaskofu wapatao 150 ulifuata njia yake ileile ya ibada, na ndiyo maana tunasema Roho ni "Bwana mleta uzima", tena "anayeabudiwa na kutukuzwa pamoja na Baba na Mwana". Tazama kisichosemwa: Kanuni haimwiti Roho "Mungu" waziwazi. Gregori wa Nazianzo, aliyeuongoza mtaguso huo kwa muda kabla ya kujiuzulu kwa uchungu, alitaka lisemwe bila kificho. Wenzake walitumaini kuwavuta waliokuwa wakisitasita, wakachagua maneno ya upole yenye maana ileile.

Hata kipande kifupi cha "utawala wake hautakuwa na mwisho" kina mtu nyuma yake. Marselo wa Ankira, mtetezi mkali wa Nikea, alikuwa amefundisha kwamba mwisho wa nyakati utawala wa Mwana utakoma atakapomkabidhi Baba ufalme, kama anavyoandika Paulo katika 1 Wakorintho 15. Kanuni ikamjibu kwa maneno ya malaika kwa Maria, Luka 1:33.

Usidhani pia kwamba hayo yalikuwa ya maaskofu peke yao. Gregori wa Nisa, mdogo wake Basili, anaeleza jinsi mji wa Konstantinopoli ulivyojaa wanateolojia wa barabarani: ukimtaka mtu akuvunjie fedha, anakuhubiria aliyezaliwa na asiyezaliwa, ukiuliza bei ya mkate, unajibiwa kwamba Baba ni mkuu na Mwana yu chini yake, ukiuliza kama maji ya kuoga yako tayari, unaambiwa kwamba Mwana aliumbwa kutoka katika utupu. Anayepita Kariakoo jioni wakati wa mahubiri ya hadhara hatamshangaa sana Gregori.

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni Mwislamu, mfanyabiashara wa Magomeni. Katika mihadhara nimesikia mara nyingi kwamba mfalme Konstantino aliwaita maaskofu Nikea, wakapiga kura kama Yesu ni Mungu au la, na kwamba hapohapo wakachagua vitabu vya Biblia. Nauliza kwa nia ya kujua, si kwa ubishi.
Msomaji, Magomeni

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Swali lako lina mambo matatu, na hayana majibu ya namna moja.

La Biblia si kweli. Mtaguso wa Nikea ulitoa kanuni 20 za nidhamu, na hakuna hata moja inayohusu orodha ya vitabu. Orodha ya kwanza tuliyonayo yenye vitabu 27 vya Agano Jipya, vilevile kama tulivyo navyo leo, imo katika barua ya Pasaka ya Athanasio ya mwaka 367, na hata hiyo ilikuwa barua ya askofu mmoja kwa makanisa ya Misri.

La kura limechanganya mambo. Maaskofu walitia sahihi, naam, na waliokataa pamoja na Ario walikuwa wawili tu, Sekundo na Theona, wote kutoka Libya. Lakini swali lililokuwa mbele yao halikuwa kama Yesu ni mtu tu au zaidi ya mtu. Ario mwenyewe alimwita Mwana Mungu na alikiri kwamba aliletwa kuwako kabla ya nyakati zote na kwamba ulimwengu uliumbwa kwa njia yake. Ubishi ulikuwa juu ya kiwango na asili ya uungu huo. Ibada kwa Kristo ilikuwa ya zamani zaidi: mnamo mwaka 112, Pliny, gavana wa Kirumi wa Bithinia, mkoa uleule wenye mji wa Nikea, alimwandikia mfalme Trajan kwamba Wakristo hukutana kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kana kwamba ni mungu. Hapo ilibaki zaidi ya miaka 200 kabla ya mtaguso.

Kuhusu mfalme, una haki kwa kiasi fulani, na Wakristo hatupaswi kulificha. Konstantino aliuitisha mtaguso, na kwa ushuhuda wa Eusebio wa Kaisaria ni yeye aliyewahimiza maaskofu walikubali lile neno gumu, homoousios, na waliokataa aliwapeleka uhamishoni. Alitaka dola yenye amani kuliko alivyotaka usahihi wa mafundisho. Ila hoja kwamba imani ya Nikea ilishinda kwa sababu ya upanga wa mfalme inagota kwenye yaliyofuata. Konstantino huyohuyo baada ya miaka michache alianza kuwarudisha wafuasi wa Ario, akamhamisha Athanasio mwaka 335, na alipokaribia kufa mwaka 337 alibatizwa na Eusebio wa Nikomedia, aliyekuwa rafiki mkubwa wa Ario. Mwanawe Konstansio alitumia nguvu ya serikali dhidi ya Nikea kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 359 aliwakusanya maaskofu wa magharibi Rimini na wa mashariki Seleukia, akawabana mpaka wakakubali tamko lisemalo tu kwamba Mwana anafanana na Baba. Jeromu, mtafsiri wa Biblia kwa Kilatini, aliandika baadaye kwamba ulimwengu mzima uliugua na kushangaa kujikuta umekuwa wa Ario. Athanasio aliondolewa Aleksandria mara tano chini ya wafalme wanne, jumla ya miaka kama 17 kati ya 45 ya uaskofu wake.

Mwishoni mfalme Theodosio aliurudisha mkono wa serikali upande wa Nikea kwa amri ya mwaka 380, na wapinzani wakanyang'anywa makanisa. Hilo nalo ni kweli, na mimi silioni kuwa jambo la kujivunia. Lakini kati ya mwaka 325 na 381 kuna miaka 56 ambayo kwa sehemu kubwa waliokuwa na askari hawakuwa upande wa Nikea, na katika miaka hiyo hoja zilijengwa kwa kalamu, katika monasteri na majangwani.

SWALI: Nilialikwa ubatizo katika kanisa la Kiorthodoksi hapa Dar. Waliposali Kanuni ya Imani walisema Roho "atokaye kwa Baba" bila kuongeza "na Mwana". Je, wameyaondoa?
Msomaji, Upanga

JIBU: Hawakuyaondoa. Wao wanasali kama ilivyoandikwa mwaka 381, na ni sisi wa magharibi, Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri, tulioyarithi maneno yaliyoongezwa. Yalienea kutoka Hispania, ambako Wagothi waliotawala huko walikuwa wafuasi wa Ario mpaka mfalme wao Reccared alipoiacha imani hiyo, jambo lililotangazwa rasmi katika mtaguso wa Toledo mwaka 589. Katika mazingira hayo, kusema kwamba Roho atoka kwa Baba na Mwana kulikuwa njia ya kusisitiza kwamba Mwana hapungukiwi na kitu. Roma yenyewe ilisita muda mrefu. Papa Leo wa Tatu, mwanzoni mwa karne ya 9, hakuipinga teolojia hiyo, lakini aliagiza Kanuni ichongwe kwenye mabamba ya fedha bila maneno hayo na kuwekwa wazi huko Roma. Yaliingia katika misa ya Roma mwaka 1014, na miaka 40 baadaye yakawa mojawapo ya lawama za mfarakano wa 1054. Binafsi nadhani malalamiko ya Waorthodoksi yana nguvu zaidi katika utaratibu kuliko katika mafundisho: kwamba upande mmoja uligusa maneno ya wote bila kuwauliza wote.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, Mlutheri. Je, mabishano haya huwa yanakwisha? Na je, Kanisa la leo linaweza kuandika ungamo jipya, au mlango ulifungwa zamani?
Mwanafunzi, Changanyikeni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mengine hukwisha, tena kwa kuchelewa. Mtaguso wa Kalkedonia wa mwaka 451 ulisema kwamba Kristo ni mmoja katika asili mbili, bila kuchanganyika wala kutengana, na Wakopti, Waethiopia, Waarmenia na Wasiria wengi wakakataa lugha hiyo kwa kuona inamgawa Kristo. Zaidi ya miaka 1,500 baadaye, Papa Paulo wa Sita wa Roma na Papa Shenouda wa Tatu wa Wakopti walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu Kristo mwaka 1973. Ugomvi wa Luther juu ya kuhesabiwa haki kwa imani, uliozaa Ungamo la Augsburg la Walutheri la 1530 na majibu ya mtaguso wa Wakatoliki wa Trento, ulipata tamko la pamoja kati ya Walutheri na Wakatoliki tarehe 31 Oktoba 1999, palepale Augsburg. Hata hivyo, katika visa vyote viwili meza ya Bwana bado haijawa moja.

Kuhusu ungamo jipya, huna haja ya kwenda mbali. Mwezi Juni 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu wa sita hapahapa Dar es Salaam, na ndipo Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alipochaguliwa kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Suala zito lilikuwa ubaguzi wa rangi kusini mwa Afrika. Kwa kawaida Wakristo wanaruhusiwa kutofautiana katika siasa, na wengi walitaka suala hilo libaki huko. Mkutano ulitamka kinyume: kwamba hali ya kusini mwa Afrika imefika mahali ambapo kuukataa mfumo ule, hadharani na bila kuyumba, ni sehemu ya kuikiri imani yenyewe. Hoja ilikuwa ya kiteolojia hasa. Tangu mwaka 1857, sinodi ya kanisa la Kireformati la Wazungu huko Rasi ilikuwa imeruhusu ibada tofauti kwa watu wa rangi tofauti kwa sababu ya udhaifu wa baadhi ya watu, na kilichoanza kama ruhusa kikawa kanuni. Anayesema "Kanisa moja" akitoka kwenye meza iliyogawanywa kwa rangi anakuwa amekana kwa tendo alichokikiri kwa kinywa.

Mwaka 1982 kanisa la Kireformati la machotara wa Afrika Kusini liliandaa Ungamo la Belhar, likalipitisha rasmi mwaka 1986. Ukilisoma utaona umbo la Nikea: linasema kile linachokiamini, kisha linataja mafundisho linayoyakataa. Ndani ya Fungamano la Kilutheri, maamuzi ya Dar es Salaam yalikuwa na meno pia, kwani mkutano uliofuata, Budapest mwaka 1984, uliyasimamisha uanachama makanisa mawili ya Wazungu ya kusini mwa Afrika yaliyokuwa hayajayatekeleza.